Sahani Isiyorudi Tupu

Jumatano hiyo Tressa Unruh alifika ofisini kwa Bi. Verlene Crandall akiwa amevaa ndala za kiume, kubwa kama mitumbwi, alizoazima kwa jirani wa ghorofa ya chini. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimemkataa vyote. Mimba ilikuwa ya miezi minane, miguu imeumuka, na daktari alishamwambia aache kazi yake ya kuhudumia wazee, alale, ainue miguu juu ya mito. Kulala ni kuzuri, ila kodi ya nyumba hailali. Ndiyo maana kila Jumatano alikuwa anakuja hapa.

Shirika hili, pale Hutchinson, Kansas, lilikuwa linawasaidia wajawazito waliokuwa wanafikiria kumtoa mtoto alelewe na wazazi wengine. Lilimlipia Tressa kodi, tena likimpelekea mwenye nyumba moja kwa moja. Lilimpa kadi ya kununulia chakula. Siku za kliniki lilimtafutia dereva. Miezi minne sasa, tangu alipofungasha nguo zake na kuondoka kwa mama yake, Tressa alikuwa anaishi kwa mkono wa watu hawa.

"Umekula?" Bi. Verlene aliuliza kabla ya salamu.

"Nimekula."

"Nini?"

"Biskuti za chumvi."

"Hizo si chakula, hizo ni kelele za mdomoni." Akavuta droo, akatoa kopo la siagi ya karanga na kijiko, akavisukuma mezani. Alikuwa mama mweusi wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na alikuwa na tabia ya kumwangalia mtu mpaka aseme ukweli. "Kula huku tunaongea. Mpango wa hospitali. Swali la sita bado."

Tressa aliijua karatasi ile kwa moyo. Nani awepo chumbani: Bi. Verlene. Muziki: hapana. Dawa ya maumivu: ndiyo, tena nyingi. Kisha swali la sita, lililokuwa na mstari mmoja tu wa kujibia. *Nani atakuwa wa kwanza kumshika mtoto?*

"Nitaliandika wiki ijayo."

"Wiki ijayo ndiyo hii. Uliisema wiki jana."

Kando ya karatasi ilikuwa albamu ya Noreen na Dexter Fogarty wa Salina. Tressa aliletewa albamu kumi na nne za watu wanaotafuta mtoto, na kumi na tatu zilijaa meno meupe na machweo ya ufukweni. Hii ya Noreen ilikuwa na picha ya keki iliyoanguka sakafuni, mume na mke wamekaa chini wanaila hapo hapo huku mbwa akiwasaidia. Chini yake Noreen alikuwa ameandika kwa kalamu: *Tafadhali usituchague kwa kutuonea huruma.* Tressa aliwachagua siku ile ile. Tangu hapo Noreen alikuwa anampigia kila Jumapili jioni, na swali lake la kwanza halikuwa la mtoto hata siku moja. Alikuwa anauliza, "Miguu inaendeleaje?"

"Si uandike tu jina la Noreen?" Bi. Verlene alisema kwa upole. "Nauliza, siamuru."

"Nitaandika."

"Tressa, nimekwambia tangu siku ya kwanza. Mpaka mtoto azaliwe na yapite masaa kumi na mawili, hakuna karatasi ya kutia saini. Na ukiamua kubaki naye, hakuna atakayekudai hata senti. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Unalijua kwa masikio. Na moyoni je?"

Tressa akalamba kijiko. Angeanzia wapi kumweleza mtu ambaye hakulelewa kwenye jiko la Adeline Unruh, mama yake Tressa?

Kule kwao Goessel, kila sahani ya kuokea ilikuwa na kipande cha utepe chini yake, na jina la mwenyewe limeandikwa juu ya utepe. Mtu akifiwa, akijifungua, akivunjika mguu, watu wa kanisani walileta sahani zimejaa chakula. Na sahani hairudi kwa mwenyewe ikiwa tupu. Ulitia chupa ya achari, ulitia plamu nne, ulitia chochote, lakini ulitia. Alipokuwa na miaka tisa Tressa alirudisha sahani ya jirani ikiwa imeoshwa vizuri na haina kitu. Mama yake akamgeuza pale pale mlangoni, akamkabidhi mikate midogo ya vichwa viwili, bado ya moto, akamtembeza maili nzima akaombe radhi. "Mtu akikulisha, humrudishii hewa," mama alisema.

Sasa miezi minne watu wasiomjua walikuwa wamemlisha na kumlaza. Usiku Tressa alilala chali akijiuliza, kwenye sahani kubwa namna hii mtu anatia nini? Kila alipojiuliza, mtoto alimpiga teke ubavuni, na jibu alilipata hapo hapo. Hakuwa na kitu kingine. Hili hakuwahi kumwambia mtu.

Alikuwa anafungua mdomo, labda alimwambie Bi. Verlene leo, ndipo vioo vya dirisha vilipoanza kutetemeka.

Nje, lori la kubebea ngano, jekundu, refu, limejaa vumbi la majimbo matatu, lilikuwa linajaribu kuegesha kwenye maegesho ya magari sita. Lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likapanda ukingo, likashuka. Breki zikatoa pumzi ndefu. Lilipotulia lilikuwa limeziba nafasi tano, na ile ya sita asingeweza kuitumia hata mwendesha baiskeli.

"Bwana wee," alisema Bi. Verlene, akivaa miwani. "Hapa si ghala la nafaka."

Mlango wa abiria ukafunguka. Kwanza ukatoka mguu wenye kiatu cheusi cha kanisani, ukitafuta ngazi. Ukafuata mguu wa pili, kisha gauni la bluu la maua madogo, kisha mama mmoja mwembamba aliyekumbatia sahani iliyofunikwa kwa taulo, akikataa kusaidiwa.

"Mama," Tressa alinong'ona.

Na aliyekuwa anakataliwa kumsaidia, kofia mkononi, shingo imeungua kwa jua, alikuwa Hollis Brannon.

Tressa akaweka kijiko mezani. Miezi sita! Miezi sita alikuwa amejifundisha kumchukia mwanaume huyu, akafika mahali akadhani somo limeingia. Sasa alimwona kwa mgongo tu, akiokota taulo lililoanguka, na somo lote likafutika.

Walikuwa wameachana Februari, kwenye maegesho ya ukumbi wa kuchezea bolingi, upepo unawakata masikio. Hollis alikuwa ametia saini tena na kikosi cha wavunaji, wale wanaoifuata ngano inavyoiva, kuanzia Texas mwezi wa tano mpaka karibu na mpaka wa Kanada mwezi wa tisa, wakilala kwenye matrela. Tressa alimwambia, nenda basi, na usirudi. Akaenda. Wiki tatu baadaye Tressa aligundua kuwa hayuko peke yake. Akampigia. Simu iliita mpaka ikachoka, akaacha ujumbe: "Hollis, ni mimi. Nipigie, nina jambo." Hakupigiwa.

"Huyo ndiye baba mwenyewe?" Bi. Verlene aliuliza, akimtazama Hollis kupitia dirishani.

"Ndiye."

"Barua ya wakili imemfikia basi. Sheria inataka baba ajulishwe, nilikueleza. Sasa nisikilize. Hii ni ofisi yangu na saa hii ni yako. Ukisema wasiingie, hawaingii, hata aliyekuzaa."

Tressa alitazama tumbo lake, akatazama zile ndala. Kutoroka na ndala hizi asingefika mbali.

"Waingie," alisema.

Waliingia wakisukumana mlangoni, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie. Hollis alisimama ghafla alipomwona. Macho yake yalianzia usoni mwa Tressa, yakateremka mpaka tumboni, yakabaki pale. Alikuwa amekonda, na chini ya macho alikuwa na weusi wa mtu aliyeendesha kutoka Dakota Kusini bila kupumzika.

"Tress," alisema. Jina lile fupi, analomwita yeye peke yake duniani.

"Usiniite hivyo."

"Sawa."

"Na usinitazame hivyo."

"Nikutazame vipi?"

"Usinitazame kabisa!"

Hollis akageuza macho kwenye kalenda ya ukutani, akaikazia kama mtu anayeisoma. Hapo Tressa nusura acheke, na akajichukia kwa hilo.

Adeline alikuwa bado amesimama, amekumbatia sahani yake. "Umenenepa miguu," alimwambia binti yake. Miezi minne hawajasemezana, na hayo ndiyo maneno aliyoyapata.

"Na wewe umepanda lori, Mama."

"Huyu kijana kaja nyumbani kuniuliza unaishi wapi. Nikamwambia sikupi, ila nitakupeleka. Siwezi kumwachia aje peke yake akaseme upuuzi." Akakunja pua. "Ndani ya lile lori kuna soksi zina umri mkubwa kuliko wewe."

"Umejuaje kuwa Jumatano niko hapa?"

Hollis ndiye aliyejibu, macho bado kwenye kalenda. "Huwa anaegesha gari pale ng'ambo, kwenye duka la matairi. Kila Jumatano. Anakuangalia ukiingia, anakuangalia ukitoka. Kaniambia njiani."

"Sikukwambia ili umwambie yeye!" Adeline alifoka, na uso ukamwiva.

Tressa aliukumbuka mwezi wa nne, jikoni, alipomwambia mama yake kuwa ana mimba. Adeline alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka. "Watu kanisani watasema nini?" ndiyo kauli iliyomtoka, na kabla viazi havijaiva Tressa alikuwa ameshafunga sanduku. Kumbe mama mwenye kauli ile alikuwa anakaa nje ya duka la matairi, kwenye joto la Kansas, amshuhudie mwanawe akivuka barabara.

"Kaeni," alisema Bi. Verlene. "Viti ni vya bure."

Hollis hakukaa. Alitoa mfukoni barua iliyokunjwa mpaka imechakaa, akaiweka mezani, kisha juu yake akaweka bahasha nene ya kahawia.

"Mama, naomba unisikilize," alimwambia Bi. Verlene. Alikuwa ameyakariri, ilionekana. "Barua inasema mmemlipia nyumba na chakula. Nawashukuru. Humu mna mshahara wangu wa msimu na hela ya gari langu, nimemuuzia mwenzangu wa kikosini. Kama haitoshi mnipe mpaka Oktoba. Nataka kumkomboa."

"Kumkomboa nani?" aliuliza Bi. Verlene.

"Tressa. Na mtoto."

"Kunikomboa!" Tressa aliinuka, kiti kikarudi nyuma kikagonga ukuta. "Kwani mimi ni saa iliyowekwa rehani? Unadhani nimeuza mtoto, Hollis? Ndicho unachodhani?"

"Sijasema hivyo!"

"Umesema kwa bahasha!"

"Nimesema nimekuja kulipa! Mwanaume akikosea si analipa?"

"Unalipa! Ulikuwa wapi nilipokuwa natapika kwenye ndoo kazini, nafuta wazee huku nalia? Nilikupigia. Niliacha ujumbe. Uliusikia au hukuusikia?"

Hollis akaigeuza kofia mikononi, mara moja, mara mbili. "Niliusikia."

"Basi!"

"Niliusikia mara mia, Tress. Bado ninao. Kila Jumapili, wenzangu wakienda mjini, nilikaa kwenye ngazi za trela nikausikiliza. Ulikuwa umetulia mno. Wewe ukikasirika unapiga kelele, ukinipenda unapiga kelele. Siku ile ulitulia. Nikajua unataka kuniaga rasmi. Nikasema nisipompigia, hajaniaga. Nilikuwa mwoga. Ni hilo tu. Sina sababu nyingine nzuri zaidi."

Tressa alitaka kumrushia kopo la siagi ya karanga. Alitaka pia kumshika ile shingo iliyoungua na kuiweka begani kwake. Vyote viwili vilimjia kwa pamoja, akabaki amesimama, machozi yanamtoka bila ruhusa.

Bi. Verlene alichukua bahasha bila kuifungua, akairudisha mkononi mwa Hollis, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Kijana, weka hela zako. Hapa hakuna anayedaiwa. Msaada huu ni wa mjamzito mwenye shida, si malipo ya mtoto. Tungechukua hata dola moja kwa ajili ya mtoto, mimi ningekuwa jela na ningestahili. Akimtoa, ametoa kwa hiari. Asipomtoa, atakwenda nyumbani na mtoto wake na kopo langu la siagi."

Hollis alitazama bahasha kama mtu aliyebeba ngazi maili mia akakuta nyumba haina ghorofa. "Kwa hiyo... sina cha kulipa?"

"Huna."

"Basi nifanye nini?"

"Hilo usiniulize mimi."

Hollis akamgeukia Tressa. Lakini Tressa alikuwa ameshaketi, amefunika uso kwa mikono, na mabega yalikuwa yanatikisika.

"Si kweli," alisema ndani ya viganja. "Bi. Verlene, samahani, najua unasema hivyo. Lakini si kweli kwamba sidaiwi."

"Nani anakudai?"

"Miezi minne nimekula! Nimelala kwenye nyumba ya watu. Noreen kila Jumapili ananiuliza hali. Wamepaka chumba rangi, Bi. Verlene, halafu wamefunga mlango wasikione, wasije wakajipa matumaini. Dexter aliniambia. Nitawarudishia nini? Niwaambie asanteni kwa chakula, kwaherini? Mimi sikulelewa hivyo." Akainua uso, umelowa. "Mama anajua. Sahani hairudi tupu."

Adeline alivuta pumzi kama aliyechomwa na mwiko wa moto.

"Ulikuwa unataka kumtia mtoto kwenye sahani?" aliuliza polepole.

"Sina kingine, Mama."

Adeline alitembea mpaka kwenye meza ya Bi. Verlene, akaiweka sahani aliyokuja nayo, akafungua taulo, akafungua karatasi ya foili. Harufu ya nyumbani ikajaa ofisi ile. Zilikuwa vereniki, vile vifurushi vya unga vyenye jibini ndani, vimezama kwenye mchuzi mweupe wa nyama ya nguruwe. Chakula cha Krismasi, na huu ulikuwa mwezi wa nane. Kingeweza kulisha watu wanane.

"Mama," alimwambia Bi. Verlene, na sauti yake ilikuwa rasmi, kama anayesimama kanisani kutoa ushuhuda. "Mimi ni Adeline Unruh. Huyu ni binti yangu. Kazi ya kumlisha ilikuwa yangu, nikaishindwa kwa sababu ya kuogopa midomo ya watu. Mkaifanya ninyi. Nimeleta hii. Na Jumatano ijayo nitaleta nyingine, na nyingine tena, mpaka hapa mnichoke, kwa ajili ya wasichana wengine mtakaowalisha."

"Mama Unruh, hakuna haja ya..."

"Haja ipo. Pokea."

Bi. Verlene alimtazama, akaelewa, akaipokea sahani kwa mikono miwili.

Adeline akamgeukia binti yake. Aliinama, magoti yakilia, akamshika kidevu kwa vidole vyenye alama za sindano ya kushonea. "Sahani imerudi. Imejaa. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Sheria ile ni ya viazi, Tressa. Ni ya achari na mikate. Haijawahi kuwa ya watoto. Nilikufundisha vizuri mno nikasahau kukufundisha inapokomea." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Sasa hudaiwi na mtu. Ukitaka kumpa yule mama wa Salina, mpe, kwa kuwa moyo wako umependa, na mimi nitasimama nawe. Ukitaka kubaki naye, kitanda chako kipo. Kanisani wakisema, waje waniambie mimi. Nina miezi minne ya maneno sijayatumia."

Tressa alimwangukia shingoni. Walilia pamoja, wakabembea, ndala moja ikamvuka mguuni. Hollis aliiokota, akasimama nayo, hajui pa kuiweka.

Baadaye, mama alipokwenda kunawa uso, Tressa alimtazama yule mwanaume mwenye kofia mkono mmoja na ndala mkono mwingine.

"Oktoba mnakwenda kuvuna mahindi," alisema.

"Wao wanakwenda. Mimi nimemwambia bosi siendi. Kanipa lori nilirudishe huku kwa fundi, basi. Ghala la nafaka la Goessel wanataka mtu wa kupima malori kwenye mizani. Kukaa kwenye kibanda kutwa nzima. Itaniua kwa uchovu, lakini nitafia nyumbani."

"Sitaki ubaki kwa sababu ya barua ya wakili."

"Barua imeniambia kuna mtoto. Kuhusu wewe sikuhitaji barua." Alipiga hatua moja, akasimama, akiogopa ya pili. "Ukimtoa, nitatia saini na nitakaa. Usipomtoa, nitakaa. Sijaja kukuchagulia, Tress. Nilidhani nimekuja kulipa, na sasa sina cha kulipa, sijui hata mikono niiweke wapi. Lakini siondoki."

Macho yao yalikutana na safari hii Tressa hakumwambia aangalie kalenda. Alimwangalia mpaka akaliona tena lile kovu dogo kwenye nyusi, alilolibusu mara ya kwanza kwenye theluji ya Desemba. Mtoto akageuka tumboni, polepole, safari hii bila teke.

"Sijasema nimekusamehe," alisema.

"Sijasikia ukisema."

"Nimesema kaa. Kitini."

Hollis akakaa haraka sana, bado ameshika ndala.

Tressa aliivuta karatasi ya hospitali. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu aliusoma mstari ule bila kuona kodi, wala kadi ya chakula, wala chumba chenye mlango uliofungwa. Aliona mikono tu. Alijiuliza ni mikono ya nani, na hakuhitaji kufikiri. Alikuwa analijua jibu tangu mtoto alipocheza mara ya kwanza, ila alikuwa hajaliruhusu litoke. Akaandika neno moja, akamsogezea Bi. Verlene.

*Mimi.*

Bi. Verlene alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. "Ni kumshika tu, au ni kubaki naye?"

"Kubaki naye."

"Haya. Nitawapigia akina Fogarty mchana huu. Ni sehemu ya kazi yangu, ndiyo mbaya kuliko zote."

"Hapana. Nitampigia mwenyewe, sasa hivi."

"Si lazima, Tressa."

"Ananiuliza habari za miguu yangu. Siwezi kumpa hili kwa mdomo wa mtu mwingine."

Bi. Verlene alimsogezea simu ya mezani. Adeline alirudi, akaona, akasimama mlangoni bila kuuliza. Vidole vya Tressa vilikosea namba mara mbili. Hollis aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye zulia kumvalisha ile ndala, na alipouona mguu ulivyovimba alisahau ndala. Akauchukua kwa mikono miwili kama kitu chenye moto ndani, akaanza kuukanda.

Simu ilipokelewa mlio wa pili. "Tressa? Leo si Jumapili. Uko salama?"

"Niko salama. Noreen..." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Noreen, nitabaki naye. Nisamehe. Nitabaki na mtoto."

Upande wa pili kulikuwa kimya. Mbwa alibweka mara moja, mbali, akanyamazishwa. Tressa alisikia pumzi ikiingia, ikikaa sana, ikitoka vipande vipande. Alitaka kusema kitu chochote cha kujaza ukimya ule, akajizuia, kwa sababu ulikuwa wa Noreen na alikuwa na haki nao.

"Uliandika nisikuchague kwa huruma," alisema mwishowe. "Sikukuchagua kwa huruma. Nilikupenda."

"Najua," alisema Noreen. Alikuwa analia, waziwazi. "Asante kwa kunipigia wewe. Wengine hawapigi." Kisha, kwa sauti ya kila Jumapili, iliyochanika katikati, akauliza, "Miguu inaendeleaje?"

"Imevimba."

"Una mtu wa kukukanda?"

Tressa alitazama chini. Kichwa cha Hollis kilikuwa kimeinama, vumbi la ngano bado kwenye nywele, na tone la machozi yake lilikuwa limeangukia kifundoni mwa Tressa.

"Yupo," alisema. "Amerudi."

"Basi mwambie aanzie vidoleni kwenda juu," alisema Noreen. "Asikande kutoka juu kwenda chini, inazidi kuvimba. Mwambie."

Tressa akamwambia, na Hollis akaanza upya, kutoka vidoleni.